Taa zinatii simu, bomba linapiga shoti

Shikamoo Mwalimu,

Nasoma safu yako tangu ulipomjibu yule mama wa tangi la maji, leo zamu yangu imefika. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Goba, Dar es Salaam. Mume wangu yuko Mtwara kikazi, anakuja nyumbani kila baada ya miezi miwili.

Mwaka jana tulihamia kwetu. Mume wangu ni mtu ambaye akiona kitu chenye rimoti hawezi kupita bila kuuliza bei. Akaenda Kariakoo akarudi na maboksi: swichi kumi na nne za kugusa, kamera nne, kitasa cha alama ya kidole, na swichi ya kuwasha shawa ya maji moto kwa simu. Kazi ya kufunga akasema apewe mtoto wa dada yake. Kijana ana akili, simu zetu zote yeye ndiye daktari wake. Umeme hakuusomea, amejifunza kwa video. Tulimpa shilingi 300,000 na chakula, siku tatu kazi ikaisha. Fundi mwenye leseni aliyefunga waya wakati wa ujenzi alikuwa ametutajia karibu mara tatu ya hiyo, tena akataka kwanza afungue swichi mbili tatu aangalie ndani ndipo aseme vizuri. Tukaona huyu anatafuta hela.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa anaiamrisha taa ya sebuleni kama mwalimu wa zamu. Kisha umeme wa nyumba nzima ukaanza kukatika wenyewe, hasa usiku taa zikiwa nyingi. Luku ina yuniti, jirani ana umeme, sisi giza. Kijana akaja, akafungua lile boksi la breka, dakika kumi akamaliza. Akasema kidude kimoja kipana humo ndani ni kibovu, kinakata bila sababu, kwa hiyo amekiruka. Kweli haujakatika tena na nilimshukuru sana.

Mwezi wa tatu tukaweka pevingi uwanja mzima. Tangu hapo taa zinakonyeza, na ya koridoni huwaka yenyewe saa tisa usiku. Kitasa nacho kiliisha betri siku mama mkwe anatoka Tanga. Alikaa barazani kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja jioni na mfuko wake wa machungwa, mimi niko kazini Posta. Hakusema neno, na ndicho kilichoniuma.

Sasa kinachoninyima usingizi. Majuzi yule kijana ananipigia, katikati ya maongezi anasema, "Anti, kochi jipya limependeza, ila lile la zamani mngelisogeza dirishani." Mwalimu, hajakanyaga kwangu tangu kochi lije! Kumbe kamera zote ziko kwenye akaunti yake, anatuona kwenye simu yake. Nyumbani kuna binti anayenisaidia kazi, anatoka bafuni na kanga. Nimeomba nywila, jibu ni "Anti usijali, nitashughulikia", huu mwezi wa pili. Mume wangu anasema ni mtoto wetu. Wifi yangu amesikia, anasema namwita mwanawe mchunguliaji.

Mengine ni madogo. Swichi ya shawa imegeuka rangi ya chai pembeni, na huyo binti anasema bomba la bafuni linamchomachoma vidole akifua. Mimi nikishika sioni kitu. Nadhani ana woga wa vitu vipya.

Je, ninunue kamera nyingine, niende polisi, au nivumilie? Na nikiita fundi mwingine, nitafanyaje undugu usivunjike?

Mama wa Goba

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ina aya nzima ya kamera na mstari mmoja wa bomba. Naanza na bomba, na kabla hujasoma zaidi naomba uinuke uende kuzima meni swichi. Ndiyo, nyumba nzima. Samaki wa kwenye friji wapeleke kwa jirani. Asioge mtu, asifue mtu, asiguse mtu bomba wala shawa mpaka fundi apime. Kisha urudi tuzungumze.

Binti hana woga. Hana ndala. Nadhani wewe unaingia bafuni na ndala za mpira, yeye anafua miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, kwa hiyo umeme unaokosa njia kwako unaipata kwake. Mtu wa kwanza kuhisi hitilafu ndani ya nyumba mara nyingi ni yule anayeshika maji kutwa, na mara nyingi ndiye ambaye haulizwi.

Nikuambie ninavyoisoma nyumba yako nikiwa mbali. Fundi atathibitisha kwa mita, lakini mambo uliyoyaandika kila moja peke yake yanaungana vizuri mno.

Nyumba nyingi kwetu zimefungwa hivi: waya wa laivu, ule unaoleta umeme, unashuka kwenye swichi, unapanda tena kwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kuurudisha umeme, haishuki, inaishia juu kwenye dari. Swichi ya kawaida haiihitaji, maana kazi yake ni kuunga na kukata tu. Swichi ya kugusa ni kompyuta ndogo. Lazima ile umeme saa zote hata taa ikiwa imezimwa, ndipo iweze kusikiliza simu yako. Igeuze mgongo, kwa kawaida utakuta pameandikwa L, N na L1. Hiyo N ndiyo nyutro. Kijana amefungua boksi la ukutani akakuta nyekundu mbili, au kahawia mbili, na waya mmoja wa kijani na njano. Video ilimwambia aweke kitu kwenye N. Akaweka kijani.

Ule wa kijani ni ethi. Unaungana na mabati ya hita (hiyo shawa yako ya maji moto), friji na mashine ya kufulia, unaishia kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa chini uani. Kazi yake ni kukaa kimya usubiri ajali. Ukiupa kazi ya nyutro, swichi inawaka vizuri kabisa, na ndiyo maana vijana wengi hawajui kwamba wamekosea.

Yule fundi wa leseni aliyetaka kufungua swichi mbili tatu kabla ya kutaja bei alikuwa anatafuta nyutro. Nyinyi mkaona anatafuta hela. Hapo ndipo mlipolipia zaidi, na wala simlaumu mumeo peke yake. Kazi ya fundi mzuri nusu yake ni kuangalia, na kuangalia hakuna anayependa kukulipia.

Sasa kile kidude kipana. Wengine wanakiita RCD, wazee wa kazi wanakiita ELCB. Kina kazi moja: kinalinganisha umeme unaotoka kwenda nyumbani na umeme unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikikaribia miliampia 30, kinakata mara moja, kwa sababu umeme usiorudi kwa njia yake unapita kwingine, na kwingine kunaweza kuwa moyo wa mtu. Swichi zako kumi na nne zilikuwa zinarudishia umeme wao kwenye ethi. Chukua miliampia tatu kila moja, utapata 42. Zikiwa chache zimewaka, kinavumilia. Usiku zikiwaka nyingi, kinakata. Uliandika mwenyewe: "hasa usiku taa zikiwa nyingi." Hakikuwa kibovu. Kilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba hiyo kilichokuwa kinasema ukweli, na ndicho kilichorukwa.

Hili sitalipunguzia maneno hata kidogo. Kufunga N kwenye ethi ni kutojua. Kuruka RCD ili malalamiko yaishe ni kosa la namna nyingine, nimeliona pia kwa watu wazima wenye vitambi na mikoba ya zana.

Halafu mkaweka pevingi. Je, fimbo ya ethi iko wapi leo? Mafundi wa pevingi wakikuta waya mwembamba unatoka ukutani kuingia mchangani, wanaukunja, wanaukata, au wanashindilia juu yake. Nadhani wako umebaki umeshikilia kwa uzi mmoja. Umeme wa swichi zile unatafuta pa kushukia haupati, kwa hiyo taa zinakonyeza, ya koridoni inajiwashia, na mabati yote yaliyoungwa na ethi, ikiwemo hita ya bafuni, yanabaki na umeme unaomsubiri mtu mwenye miguu mitupu. Leo ni kuchomachoma vidole. Siku hita yenyewe ikipata hitilafu hapatakuwa na kuchomachoma, na kidude cha kukata hakipo.

Swichi ya shawa, hiyo uliyoiita jambo dogo. Shawa nyingi za papo kwa papo zina kama wati 5,500. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampia 24. Swichi nyingi za simu zinazouzwa mitaani zimeandikwa ampia 16, nyingine 10, na hata hizo 16 haziwezi mzigo huo, sembuse familia nzima kuoga mfululizo asubuhi. Rangi ya chai ni plastiki inayoiva. Irudishwe ile swichi kubwa yenye taa nyekundu, na kama mumeo anang'ang'ania simu, fundi aweke kontakta: swichi ndogo inaamuru, kontakta inabeba mzigo. Mimi ningeacha. Mtu anayekwenda kuoga tayari anapita mbele ya swichi.

Umwite nani? Mrudie yule yule wa mwanzo, na soda ya radhi mkononi. Akikataa, tafuta mwingine mwenye leseni ya kufunga umeme kutoka EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na umwombe akuonyeshe leseni yenyewe. Atakayechukia kuulizwa, mwache aende. Vishoka, mafundi wa umeme wasio na leseni, wapo wengi na wanavaa hadi reflekta. Lakini leseni ya umeme peke yake haitoshi kwa mambo haya, kwa sababu yapo mafundi wazuri wa waya ambao ruta wanaiogopa kama nyoka. Msikilize anachouliza. Anayeanza kwa kuuliza umenunua swichi za kampuni gani, bado. Anayeanza kwa kufungua DB (lile boksi la breka), akauliza ethi iko wapi, akatoa kipimo cha ethi na cha waya (si testa ya mfukoni tu), huyo mpe kiti. Nyumba yako ilipoombewa umeme TANESCO, mkandarasi mwenye leseni aligonga muhuri kwenye fomu ya waya. Hizi swichi zimekuja baadaye, hakuna aliyezigongea chochote.

Kazi yake itakuwa kuishusha nyutro kutoka darini kwenye kila swichi, pale ambapo bomba la waya ukutani lina nafasi. Penye ubishi, kuna vidude vidogo vinavyofungwa juu darini karibu na taa yenyewe, ambako nyutro ipo, swichi ya ukutani ikabaki ya kawaida. Kuna pia swichi zisizotumia nyutro kabisa; zinapitisha umeme kidogo kwenye balbu, na balbu za LED wakati mwingine zinakonyeza mpaka uweke kapasita. Mahali pengine mrudishieni swichi ya zamani tu. Korido haihitaji akili. RCD irudi, na siku ya mwisho umwombe abonyeze mbele yako kile kitufe chenye T. Nyumba nzima ikizimika, mpe hela yake. Baadaye uwe unakibonyeza mwenyewe kila baada ya miezi mitatu.

Haya, kamera. Polisi bado. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, lakini kuna sababu ya kifundi ya kwenda kwa upole. Kamera nyingi za namna hii zinafungwa kwenye akaunti ya simu iliyoziunga kwanza. Unaweza kubonyeza kitufe cha kuirudisha upya mpaka kidole kiume, bado ikagoma kuingia kwenye simu yako hadi mwenye akaunti aiondoe kwake. Unamhitaji kijana, tena akiwa hajakasirika. Kwa leo mmezima umeme, kamera zimekufa. Umeme ukirudi, ya ndani ibaki imechomolewa. Zikishahamia kwako, weka nywila mpya ndefu kwenye kamera na kwenye ruta pia, maana ya kiwandani inajulikana dunia nzima. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilikuwa kinazunguka mtandaoni kikijaribu majina na nywila za kiwandani, jozi sitini na kidogo tu, kikateka kamera na rekoda za majumbani kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba jeshi hilo la kamera lilisaidia kuiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza simu na kompyuta kwenye tovuti, Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi siku hiyo. Wenye kamera wala hawakujua.

Kamera ya sebuleni mimi ningeipeleka getini. Kama lazima ibaki, igeuzwe itazame mlango, isione njia ya kutoka bafuni, na binti aambiwe waziwazi ipo wapi na nani anaangalia. Yeye hakuulizwa tangu mwanzo.

Wifi yako. Usimpigie simu kuhusu kamera, hapo utakuwa unagombana na mama wa mtu. Mpigie kuhusu pevingi: "Wifi, mafundi wa pevingi nadhani wamekata ethi, binti anapigwa shoti bafuni. Nimemwita fundi wa leseni Jumamosi. Namwomba mwanao awepo, maana yeye ndiye anayejua alikopitisha." Hakuna uongo hata neno moja hapo, na hakuna mama atakayemkataza mwanawe. Kijana akija, fundi afungue swichi moja mbele yake amwonyeshe ule wa kijani. Mwache aone kwenye mita. Kisha mkinywa chai mpe simu yako akuhamishie kamera na kitasa hapo hapo mezani, zote nne na mlango, uhesabu. Katika mambo ya simu na ruta nadhani atamshinda fundi, mwacheni afanye hayo na alipwe. Na kama kazi anaipenda, VETA wanafundisha umeme wa majumbani. Ada yake mumeo anaweza kuiona ni nafuu kuliko maboksi ya Kariakoo.

Kitasa kina dawa fupi. Vingi vina tundu la ufunguo wa kawaida chini ya kifuniko cha mbele, na funguo zake zilikuja ndani ya boksi. Zitafute, mmoja uweke kwa jirani. Chungulia pia sehemu ya chini ya kitasa. Vingi vina tundu la chaja ya simu au vichwa viwili vya kugusishia betri ya volti 9, ili kiamke hata betri za ndani zikifa. Mama mkwe angeingia kwa pawabanki.

Mumeo mpigie leo, umsomee hesabu ya shawa taratibu. Na Jumamosi, kabla fundi hajafika, muulize yeyote aliyekuwepo siku ya pevingi kama anakumbuka ule waya ulitokea upande gani wa ukuta, ili mjue mnaanza kung'oa tofali lipi.